Uzi: Hadithi ya komba na kaa wa mikokoni, tuijenge kabla haijaenda kwa mchoraji

#1 MwanaSahare
Wakuu, habari za jioni. Nina mswada wa hadithi ya watoto wa miaka 8 hadi 10. Naomba muuchambue bila kuoneana haya.

Mahali ni Tanga, kwenye mikoko ya ghuba, kisiwa cha Toten kikionekana kwa mbali. Wahusika ni wawili. Tunu ni komba jike mdogo anayeogopa maji kuliko kitu chochote. Gando ni kaa mkubwa wa matope, mgomvi, majirani wote wanamkwepa. Wanakutana vibaya: Tunu anashuka kwenye mizizi kutafuta wadudu, Gando anambana kidole. Baadaye wanakuwa marafiki, wanazurura mikokoni, mvuvi anamkamata Gando, Tunu anamchukua na kukimbia naye hadi baharini. Mwisho Bibi Kasa anawaeleza maana ya wema.

Maneno 4,200, sura 7. Kasoro ninazoziona mwenyewe: urafiki unaanza ghafla, sura ya 3 hadi ya 5 zimelala, na mwisho unasikika kama hotuba. Ufunguzi ni huu:

"Ilikuwa usiku wa manane. Mwezi mpevu uling'aa angani na maji ya bahari yalikuwa yamejaa pomoni. Gando ilitoka shimoni mwake ikiwa na hasira sana."

#2 Mkokoni
Sentensi ya pili ina kosa la maji, na mtoto wa Sahare au Mwarongo ataliona kabla ya mwalimu wake. Mwezi mpevu ni bamvua, siku za maji kujaa na kupwa kuliko kawaida. Pwani yetu siku za bamvua maji hujaa kwenye saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, hupwa kwenye saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kwa hiyo usiku wa manane wenye mwezi mpevu maji ndiyo kwanza yanarudi. Mikoko ya mbele imeanza kulowa miguu, ya nyuma bado ni tope tupu. Ukitaka maji ya kujaa saa 4 au 5 usiku inabidi uende kwenye maji mafu, mwezi ukiwa nusu, na maji mafu hayajai pomoni.

Sikwambii hivi ili kukusumbua. Maji ndiyo saa ya hadithi yako. Kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa 6, na kila siku mzunguko unachelewa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua tofauti ya maji hapa kwetu hufika mita 3 na ushee. Maana yake mahali Tunu alipotembea kavu saa 4 usiku, saa 10 alfajiri panaweza kummeza mtu mzima. Una komba anayeogopa maji na una maji yanayokuja bila kumngoja mtu. Unataka jambazi gani tena?

Chora jedwali dogo kabla ya kuandika tena: sura, siku ya mwezi, saa, maji yako wapi. Mistari 7 tu. Kila tukio la pwani lipite hapo kwanza.

Na mimea uitofautishe. Mkoko wenyewe una mizizi iliyopinda kama matao inayotoka shinani, juu ya tope, hiyo ndiyo ngazi ya Tunu. Mchu una vijizizi vilivyosimama wima topeni kama penseli, na jani lake ukililamba utaonja chumvi. Mtoto akijua tofauti hiyo, akitembezwa mikokoni atakwenda kulilamba jani kuhakikisha.

#3 Mhariri_Chumbageni
Nianze na upatanisho. "Gando ilitoka… ikiwa na hasira": kaa ni kiumbe hai, huyu ni wa A-WA. "Gando alitoka akiwa na hasira." Kosa hili ni baya zaidi kwa neno hili, kwa sababu kaa la moto nalo lipo. Ukiandika "kaa liliwaka" mtoto anaona jiko la mkaa, ukiandika "kaa aliwaka" anaona mnyama mwenye hasira. Viambishi ndivyo vinavyobeba picha yote. Na kuna kitenzi kukaa pia, basi "kaa akakaa kimya" itumie mara moja, kwa makusudi, watoto watacheka. Mara ya pili itachosha.

Jina. Mhusika anaitwa Gando na mwilini ana magando mawili. Soma kwa sauti: "Gando aliinua gando la Gando." Mpe jina la mtu, Makame kwa mfano, ili gando libaki kiungo.

"Hasira sana" haichoreki. Mchoraji atachora nini? "Aliinua magando yote mawili, akayagonganisha: ka! ka!" Hapo kuna picha na kuna sauti. Tanakali za sauti ni hazina katika umri huu, lakini kila moja iwe na kazi yake: chubwi kwa kitu kidogo kinachotumbukia, tubwi kwa kizito. Tunu akidondosha kokwa ni chubwi. Makame akidondoka ni tubwi. Ukivibadilishana, msikilizaji mdogo atakusahihisha.

Kisha -ka-. Ukurasa wa 3 una "akatoka, akaenda, akamwona, akakasirika, akambana, akacheka". Mnyororo wa sita unamchosha msomaji anayeanza, kwa sababu anasahau mtenda ni nani. Ishia vitatu, weka nukta, taja jina upya, anza tena na -li-. Sehemu nyingine vunja kwa -ki-: "Tunu alimtazama akitetemeka."

"Rafiki wake" pia umeiandika mara tano. Ni rafiki yake, na wakiwa wengi, rafiki zake.

#4 NyaniMzee_Pongwe
Niingie upande wa wanyama. Hadithi ya kubuni inaruhusiwa kuwapa wanyama maneno, lakini miili yao iache kama ilivyo, maana miili ndiyo itakayokutatulia sura zako zilizolala.

Komba wa pwani yetu akiwa mzima ana robo tatu ya kilo hivi. Kaa wa matope aliyekomaa anafika kilo na kupita. Kwa hiyo Tunu, tena mdogo, hawezi kumbeba Makame na kukimbia naye. Sura yako ya mwisho haisimami.

Anachoweza: kuruka mbali, kushika kwa vidole, kugeuza masikio moja moja, kuona gizani, na kupiga kelele inayofanana na kilio cha mtoto mchanga. Meno yake ya mbele ya chini yamelala kuelekea nje kama kitana. Hayo ni ya kuchania manyoya na kukwangulia utomvu wa miti. Akitafuna kitu kigumu hutumia meno ya pembeni, kwa hiyo anainamisha kichwa upande. Mwambie mchoraji, ni mkao mzuri sana. Chakula chake ni matunda, wadudu na utomvu. Mambo ya komba na tembo la mnazi yanajulikana pwani nzima, ila kwa kitabu cha darasa la tatu yaache, mpe zambarau.

Mchana amelala. Umeweka matembezi yao asubuhi ya jua kali, yahamishie usiku. Bahati yako, kaa wa matope naye ni wa usiku.

Sasa kaa. Miguu yake miwili ya mwisho ni bapa kama kafi, ndiyo ya kuogelea. Na mambo mawili ya mwili wake yana thamani kuliko Bibi Kasa:

La kwanza, akishikwa gando na adui anaweza kulikata mwenyewe, akaliacha na kukimbia. Gando huota tena anapojivua gamba, likianza dogo.

La pili, huko kujivua gamba. Gamba hupasuka kwa nyuma, kaa anatoka kinyumenyume, laini kama utando wa uji. Anavimba kwa maji, kisha gamba jipya linakauka kwa siku kadhaa. Muda huo hana silaha. Nguchiro anaweza kumtafuna, hata kaa mwenzake. Mgomvi wa mtaa mzima, kwa siku chache, anaogopa hata kugongwa na jani.

#5 Mwl_Raskazone
Hapo alipofika mzee wa Pongwe ndipo hadithi ilipo. Niongeze la muundo.

Watoto wa pwani wanakuja kwenye kitabu chako wakiwa na ngano ya kima na papa kichwani. Kima anamtupia papa matunda kila siku, urafiki unanoga, papa anambeba mgongoni kumpeleka kwao, njiani anamwambia kwamba moyo wake unatakiwa. Kima anajiokoa kwa kusema moyo ameuacha mtini. Ngano ile inafundisha werevu, na inafundisha kwamba wa nchi kavu akiwa rafiki na wa majini pana mtego. Basi msomaji wako atamshuku Makame tangu ukurasa wa kwanza. Usimwondolee shaka mapema. Mwache Tunu naye ashuku, aulize: "Unanitendea haya ili nini?" Makame asiwe na jibu zuri.

Sababu ya urafiki wako kuanza ghafla ni kwamba hakuna anayelipa kitu. Sura ya 1 anabana kidole, sura ya 2 "walipatana". Nani aliacha nini? Panga vitendo, kila kimoja kiwe kizito kuliko kilichotangulia:

Kwanza ubaya, uwe wa kweli na uume. Kidole cha Tunu kivimbe, ashindwe kushika tawi kwa siku mbili.

Pili, msaada mdogo usioombwa. Maji yanapanda, Tunu amelala njaa kwenye mchu mfupi, hawezi kuruka kwa sababu ya kidole kile kile. Makame anamwonyesha mizizi iliyo juu. Hamwombi radhi. Anasema tu, "Pita huku, si huko."

Tatu, msaada unaokataliwa. Tunu analeta zambarau, Makame anaitupa topeni. Sura hii watoto huipenda kwa sababu wanaijua hali hiyo: umempa mtu kitu kwa moyo, amekufanya mjinga.

Nne, gharama. Nguchiro anamvamia Tunu kwenye tope, Makame anaingia kati, gando linashikwa, analikata.

Tano, zamu inageuka. Makame anajivua gamba, yu laini, Tunu anakaa mlangoni pa shimo. Hawezi kupigana na nguchiro. Anaweza kumwangushia miche ya mkoko, ile mirefu inayoning'inia kama rula za kijani. Ikidondoka wima inachoma tope, fya!, nguchiro anaruka nyuma.

Hizo ndizo sura zako za 3, 4 na 5. Hazitalala.

Bibi Kasa mwondoe. Si kwamba wazee hawana nafasi, ila mtu aliyekuja sura ya mwisho kueleza wema ambao hakuuona ukitendeka anawanyang'anya watoto kazi yao. Waachie wabishane wenyewe darasani.

#6 MwanaSahare
Ahsanteni sana, nimeukata mswada. Makame amezaliwa, Bibi Kasa ameondoka. Nimebakiwa na mkwamo kwenye uokozi. Tunu hawezi kumbeba. Je, atafune kamba? Na kaa atakuwa hai mpaka usiku? Mvuvi anamkamata maji yakiwa yamekupwa.

#7 Mkokoni
Atakuwa hai. Kaa wa matope anakaa siku kadhaa nje ya maji kama yuko kivulini na ana unyevu. Wanaowakamata huwafunga magando, wakawapanga kwenye tenga na kuwafunika gunia lililoloweshwa. Anayewaua ni jua na upepo.

Ukamataji: saa 4 asubuhi ya bamvua, fimbo ya chuma yenye ncha iliyopinda, inaingizwa shimoni, anasikilizia, anavuta. Huko ndiko unakopata siku. Siku mbili baada ya mwezi mpevu, maji ya kujaa alfajiri yatakuwa yamesogea hadi karibu na saa 11 na nusu.

Kamba iwe ya makumbi ya nazi au ukindu. Ya nailoni Tunu haiwezi.

Sasa pa kuweka tenga. Usilipeleke soko la Deep Sea usiku huo huo, utamlazimisha komba kuvuka mji. Libaki kwenye banda la makuti ufukweni, linangoja kupelekwa mnadani asubuhi. Saa 4 usiku maji yako mbali, pwani ni kavu, njia ndefu yenye mbwa. Tunu akitafuna kamba mapema, Makame ataonekana kabla hajafika. Akichelewa, mvuvi ameamka. Kwa hiyo anatafuna kwanza, halafu wanangoja maji yawafikie. Yeye, anayeogopa maji, anakaa juu ya kigingi cha kufungia mashua kuyatazama yanakuja, na kumwambia aliye chini yamefika wapi.

Hapo hambebi mtu. Anangoja naye, basi.

#8 BintiWaKiomoni
Nina pingamizi, msinielewe vibaya. Mvuvi huyo ana watoto. Kaa wale ndio unga wa nyumba yake. Mtoto wa mvuvi akisoma kitabu hiki atamwona baba yake ndiye nguchiro wa pili, na Tunu anapewa sifa kwa kufungua tenga la mtu. Kama tunafundisha utu, utu huo unaishia kwa wanyama?

#9 Mwl_Raskazone
Pingamizi ni la haki na linatengenezeka, dada. Mambo matatu. Mvuvi awe na jina, na tumwone sura ya 2 akimrudisha topeni kaa jike mwenye mayai. Mfuniko wa tumbo la jike ni mpana, wa dume ni mwembamba kama pembetatu. Akimgeuza anajua, na msomaji anajifunza hapo hapo. Pili, tengani wamo kaa 12, anayefunguliwa ni mmoja. Tatu, mmoja huyo ana gando moja kubwa na jingine dogo lililoota juzi, sokoni bei yake iko chini. Hasara ipo, lakini haivunji nyumba.

#10 BintiWaKiomoni
La tatu silikubali lote. Likisomwa vibaya linasema ni halali kuchukua kitu cha mtu kikiwa cha bei ndogo. Afadhali hasara ionekane. Asubuhi mvuvi ahesabu: 11. Ahesabu tena. Aangalie kamba iliyotafunwa, aone alama za vidole vidogo mchangani, asiseme kitu. Mtoto msomaji abebe mzigo huo pamoja na furaha ya Makame. Watoto wa miaka 9 wanaweza.

#11 Mhariri_Chumbageni
Naunga mkono hesabu ya 11. Ni sentensi tatu tu na zinafanya kazi ya ukurasa.

Urefu: 4,200 kwa sura 7 ni maneno 600 kila moja. Kwa kusoma kwa sauti taratibu, tuseme maneno 100 kwa dakika, ni dakika 6. Inatosha kipindi na maswali yake. Sura ya gando kukatwa iwe fupi zaidi, 400, maana mapambano marefu yanapoteza pumzi. Sura ya kungoja maji iwe ndefu kuliko zote.

Mazungumzo ya watu wa ufukweni unaweza kuyatia ladha ya Kimtang'ata, lahaja ya pwani ya Tanga, neno moja moja, ambalo maana yake inajitokeza katika sentensi. Wanyama waseme Kiswahili sanifu, kwa sababu wao ndio wenye mistari mingi na mtoto wa Dodoma naye atasoma.

#12 FundiKurasa
Upande wa kitabu chenyewe. Kikishonwa kwa pini katikati, idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4. Maneno 4,200 kwa A5, herufi za ukubwa wa 14, yanaingia kwenye kurasa 32 pamoja na picha kama 10, ukibana. Chukua karatasi 8 za A4, zikunje kati, utapata kurasa 32 za A5. Andika namba kwa penseli, kata maandishi uliyochapa, yabandike kwa gundi. Hicho ni kitabu cha mfano, na kinaonyesha mambo ambayo kioo cha kompyuta hakionyeshi: wapi msomaji anageuza ukurasa.

Swali au hatari iwe chini ya ukurasa wa kulia. "Shimo lilitikisika." Geuza. Nguchiro. Swali likiwa ukurasa wa kushoto na jibu ukurasa wa kulia unaoonekana sambamba, macho ya mtoto yanaliona kabla hajasoma.

Maelekezo ya mchoraji yaandikwe kwa kila picha: saa, mwezi, maji yako wapi, gando lipi limekatika, kulia au kushoto. Hili la gando linaharibu vitabu vingi. Ukurasa wa 18 limekatika la kulia, wa 24 la kushoto. Amua leo: la kulia. Na picha inayofika ukingoni izidi milimita 3 kila upande, la sivyo kisu kikihama utapata mstari mweupe. Vitu muhimu visikae kwenye mkunjo wa katikati. Sura ya Tunu itamezwa.

Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, inaombwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Anza mapema, usingoje kitabu kiko mashineni.

#13 MwanaSahare
Nimeandika upya mwisho. Muda: siku mbili baada ya mwezi mpevu.

"Kamba ya mwisho ilikatika. Makame hakuondoka. Pwani ilikuwa kavu, nyeupe kwa mwezi, na mbwa walibweka upande wa barabara.
'Yako wapi?' aliuliza.
Tunu alipanda kigingi, akatazama. 'Mbali.'
Walingoja. Popo walipita. Mvuvi alikohoa ndani ya banda, akageuka, akalala.
'Yako wapi?'
'Kwenye ngalawa ya pili.'
Tunu alikunja mkia wake mpaka juu kabisa. Maji yaligusa kigingi, yakarudi, yakagusa tena. Chini yake hapakuwa na mchanga sasa, palikuwa na kitu cheusi kinachopumua.
'Tunu. Yako wapi?'
Alifumba macho. 'Hapa,' alisema. 'Yako hapa. Njoo.'
Tubwi."

#14 Mhariri_Chumbageni
Usiguse kitu hapo. Ila moja: kama amefumba macho hakuona Makame akipita, na picha ya mwisho umeiandika "Tunu anampungia mkono". Badilisha picha.

#15 Mkokoni
Na mwezi. Siku mbili baada ya mwezi mpevu, karibu na alfajiri, mwezi uko magharibi, upande wa mji, nyuma ya banda. Kivuli cha kigingi kielekee baharini. Mwambie mchoraji.